Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Asimamaye kando ya barabara kuu hapo Mariakani wakati wa alfajiri huona msafara usiokwisha. Malori yatoka bandari ya Mombasa, kila moja na kontena lake mgongoni, yakielekea Nairobi, Nakuru, Eldoret na Malaba, na mengine mbele zaidi mpaka Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo. Yachukua ngano, mbolea, saruji, mabati, dawa na karatasi za vitabu vya shule. Nchi zisizo na bahari zautegemea msafara huu kama mtoto ategemeavyo ziwa la mama yake. Lakini kabla ya kwenda mbali kila lori hupandishwa juu ya mizani, na mizani hutoa hukumu yake bila ya kuuliza mwenye mali ni nani.

Hukumu hiyo ndiyo nitakayo kuisema leo. Wako watu wengi, na baadhi yao ni watu wenye akili na mali, wasemao kwamba kikomo cha uzito kilichowekwa na sheria ni kidogo mno, na kwamba magari ya mizigo yaruhusiwe kubeba zaidi. Wakikataliwa hilo, huomba nyongeza ya kusamehewa iwe kubwa. Wakikataliwa na hilo, huomba mizani ifumbe macho. Maombi haya matatu yana sura mbalimbali lakini ni ndugu wa tumbo moja. Mimi nayapinga yote matatu, na nataka kueleza sababu zangu moja baada ya moja, ili msomaji azipime mwenyewe kama mizani ipimavyo lori.

Kwanza yatupasa kujua sheria yasema nini, maana mtu hawezi kuihukumu sheria asiyoijua. Zamani kila nchi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na kipimo chake. Kenya ilikuwa imeweka kikomo cha tani 48, hali Tanzania na Uganda zilikubali tani 56. Lori lililokuwa halali upande mmoja wa mpaka liligeuka kuwa lenye hatia upande wa pili, bila ya kuongezwa hata gunia moja. Huo ulikuwa upungufu wa kweli, na ulistahili kurekebishwa. Kwa hiyo mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha sheria moja juu ya uzito wa magari, na sheria hiyo ikaanza kutumika katika nchi wanachama kwa miaka iliyofuata. Kikomo cha juu kabisa kikawa tani 56, gari na mzigo wake pamoja.

Lakini watu wengi huishika namba hiyo ya 56 na kuyaacha masharti yake. Sheria haikusema kwamba kila lori libebe tani 56. Ilisema kwamba lori lenye ekseli saba laweza kufika hapo. Lenye ekseli sita mwisho wake ni tani 50. Tena kila ekseli ina kikomo chake. Ekseli ya mbele, yenye matairi mawili ya usukani, hairuhusiwi kuzidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne hairuhusiwi kuzidi tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana zenye matairi manane zina tani 18, na tatu zilizofuatana zenye matairi kumi na mawili zina tani 24. Mtu akijumlisha 8, 18 na 24 atapata 50, ndio uzito wa lori la ekseli sita. Basi sheria hii ni kama hesabu ya darasani: jibu lake haliwezi kuwa sawa kama njia yake si sawa.

Kwa nini wataalamu wakazihesabu ekseli badala ya kutazama jumla peke yake? Kwa sababu barabara haijui jumla. Barabara yajua tu kile kiikanyagacho mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mama akikanyaga udongo laini kwa kiatu cha kisigino chembamba hutoboa shimo. Akikanyaga kwa ndara hupita salama, na uzito wake ni ule ule. Ekseli ni nyayo za lori.

Jambo hili lilichunguzwa kwa bidii kubwa nchini Marekani, katika jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960. Zilijengwa barabara za majaribio, za lami na za saruji, na magari yenye uzito mbalimbali yakaendeshwa juu yake mchana na usiku kwa muda wa miaka miwili, mizunguko zaidi ya milioni moja. Wahandisi walipopima kuharibika kwa barabara zile waliona kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka, kwa kadiri, kama uzito uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Kipimo hiki si sahihi kwa kila barabara na kila udongo, lakini wajenzi wa barabara wa dunia nzima wamekitumia tangu hapo kuwa mwongozo.

Mwanafunzi na achukue kalamu afanye hesabu pamoja nami. Ekseli ya tani 10 ikipakiwa tani 12, uzito umeongezeka kwa moja ya tano tu, yaani umekuwa mara 1.2. Mbili nukta hiyo, 1.2 mara 1.2, ni 1.44. Na 1.44 mara 1.44 ni 2.07. Basi mwenye lori ameongeza moja ya tano ya uzito, na barabara imepata madhara maradufu. Sasa tulinganishe na motokaa ndogo, ambayo kila ekseli yake hubeba kiasi cha nusu tani. Ekseli ya lori yenye tani 10 ni nzito mara ishirini kuliko hiyo. Ishirini ikizidishwa kwa yenyewe mara nne hupatikana 160,000. Kwa hesabu hii, lori halali, lisilovunja sheria yo yote, huikanyaga barabara kwa ekseli moja kama motokaa ndogo ambayo ingepita mara laki moja na sitini elfu. Kama hayo ndiyo madhara ya mtiifu, madhara ya mwasi yatakuwaje?

Sasa na tuwasikilize wapinzani, maana si haki kumhukumu mtu asiyesemeshwa. Husema: lori likibeba mzigo mkubwa zaidi, safari hupungua, safari zikipungua, mafuta hupungua, na nauli ya shehena hushuka, nauli ikishuka, unga na sukari hushuka bei dukani, na maskini hunufaika. Hoja hii ni nzuri masikioni, na sehemu yake ni kweli. Safari hupungua kweli. Lakini na tuipime.

Tuseme katika zile tani 10 za ekseli moja, tani 3 ni uzito wa gari lenyewe na tani 7 ni shehena. Tuna shehena ya tani 63 ya kusafirishwa. Tukifuata sheria tutakwenda safari 9. Tukipakia ekseli tani 12, shehena ya kila safari itakuwa tani 9, na safari zitakuwa 7. Tumeokoa safari mbili. Lakini kila safari sasa yaharibu barabara kwa kipimo cha 2.07, na 2.07 mara 7 ni karibu 14 na nusu. Zamani madhara yalikuwa 9, sasa ni 14 na nusu. Safari zimepungua, madhara yamezidi kwa zaidi ya nusu. Hii ni biashara gani, ambayo kuweka akiba kwake ni kupoteza?

Ni biashara nzuri kwa mtu mmoja, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Aliyeokoa safari mbili ni mwenye lori. Anayelipa madhara yaliyozidi si yeye. Barabara zetu hutengenezwa kwa tozo inayokatwa katika kila lita ya mafuta, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mwaka 2024 tozo hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Huilipa kijana wa bodaboda ajazaye lita mbili asubuhi. Huilipa abiria wa matatu katika nauli yake, ijapokuwa hakushika chombo cha mafuta maisha yake yote. Huilipa mkulima anayekodi trekta kulima shamba la ekari moja. Mwenye lori naye huilipa, sikatai. Lakini lori lililozidishiwa moja ya tano ya uzito halinywi mafuta maradufu. Hunywa zaidi kidogo tu. Basi huharibu kwa kipimo cha mbili na kulipa kwa kipimo cha moja na chembe, na tofauti iliyobaki humwangukia kijana wa bodaboda. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu umehamishwa kutoka mgongo mmoja mpana kwenda migongo mingi myembamba, na kwa kuwa kila mgongo umepata kidogo, hakuna apigaye kelele.

Na yule maskini aliyeahidiwa unga wa bei nafuu, je, aliupata? Barabara ikiisha kuwa mashimo, lori hutembea pole, springi huvunjika, matairi hupasuka, na safari ya siku moja huwa ya siku mbili. Gharama hizo zote huingia katika bei ya gunia. Bei ikishuka leo kwa kuzidisha mzigo, itapanda kesho kwa kuharibika njia, na kesho hiyo itadumu kuliko leo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hoja ya pili ya wapinzani ni mfano wa nchi za mbali. Husema: Finland iliruhusu tani 76 mwaka 2013, na Sweden ikaruhusu tani 74 katika baadhi ya barabara zake mwaka 2018. Kama wao waweza, kwa nini sisi tusiweze? Jibu ni kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Lori la Finland la tani 76 lapaswa kuwa na ekseli tisa, na uzito ule hugawanywa juu ya nyayo nyingi. Sweden haikuzifungua barabara zake zote siku moja. Ilifungua zile ambazo madaraja yake yalionekana kustahimili. Tena mwenye kuchagua mifano asichague ile impendezayo peke yake. Marekani, nchi yenye barabara kuu nyingi na malori makubwa, sheria yake ya taifa kwa barabara kuu imesimama tangu katikati ya miaka ya 1970 katika ratili 80,000, yaani kiasi cha tani 36. Uingereza, iliyotujengea barabara zetu za kwanza za lami, ilifika tani 44 mwaka 2001, na kwa sharti la ekseli sita. Sisi wenye tani 56 tumekwisha kuwapita hao wote wawili. Ajabu ni kwamba mwenye kutaka zaidi huitaja Finland kila siku na kuisahau Marekani kila siku.

Nimegusa habari ya madaraja, na yafaa nisimame hapo kidogo. Mtu aweza kusema: basi tuongeze ekseli, iwe nane au tisa, na jumla ipande. Kwa lami hoja hiyo ina nguvu, nami nakiri. Lakini daraja si lami. Lami yalala juu ya ardhi na ardhi huisaidia. Daraja limesimama juu ya miguu yake, na chini yake ni hewa na maji. Daraja huhisi uzito wote ulio juu yake kwa pamoja, hata kama umegawanywa kwa magurudumu mengi. Ufa wa lami huonekana na kila mtu apitaye. Ufa wa daraja huenda ukakaa miaka mingi gizani chini ya nguzo, usionekane ila na yule aliyetumwa kuutafuta. Kabla ya kuongeza tani moja juu ya 56 ingetubidi kulipima kila daraja na kila kalvati toka pwani mpaka ziwani, na yaliyo dhaifu kuyajenga upya. Wanaoomba nyongeza hawajaja na fedha za kazi hiyo mkononi. Wamekuja na ombi tu.

Tukitoka katika fedha tunaingia katika roho za watu. Lori lishukalo mteremko huzuiwa na breki, na breki huigeuza nguvu ya mwendo kuwa moto. Kwa mwendo ule ule, lori la tani 56 lina nguvu ya kuzuiwa iliyozidi ile ya lori la tani 48 kwa moja ya sita. Breki zikipata moto kupita kiasi hulegea, na dereva hukanyaga chuma kisichomjibu. Barabara zetu hazikujengwa katika nchi tambarare. Zapanda toka usawa wa bahari mpaka nyanda za juu, kisha zateremka Bonde la Ufa, kisha zapanda tena mpaka Mau. Kila mtu aliyepita Salgaa na Sachangwan ajua jinsi mteremko ule ulivyowaliza watu.

Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya barabara hapo Londiani, lori lililokuwa na kontena lilitoka njiani likawavamia wachuuzi, abiria na wapita njia. Watu zaidi ya hamsini walikufa. Sisemi kwamba lori lile lilikuwa limezidisha uzito. Sina haki ya kusema nisilolijua, na msiba wa watu si ngazi ya kupandia hoja. Nasema hili tu: kando ya barabara zetu kuu watu huuza viazi, hupanda magari, huenda shule na hurudi. Hakuna ukuta kati yao na magurudumu. Kilichopo ni breki ya lori na umbali wa kusimamia, na kila tani iongezwayo huurefusha umbali huo. Mwenye kuomba tani zaidi na aende kwanza akasimame penye soko la kando ya njia, awatazame wauzaji nyuso zao, kisha aseme ombi lake kwa sauti.

Hoja ya tatu ya wapinzani ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli, nami nitaipa heshima yake. Husema kwamba mizani si malaika. Shehena huhama njiani. Mahindi huteleza, magogo husogea, na ekseli iliyotoka bandarini ikiwa halali hufika Gilgil au Webuye imezidi. Husema pia kwamba wako watumishi wa mizani wanaotazama mkono wa dereva kabla ya kutazama namba. Yote mawili hutokea. La kwanza sheria yenyewe imeliona, na kwa ajili hiyo imeweka nyongeza ya kusamehewa ya asilimia tano katika uzito wa ekseli. Nyongeza hiyo ni huruma kwa bahati mbaya. Lakini huruma ikizoewa hugeuka kuwa haki. Mpakiaji akijua kwamba asilimia tano husamehewa, hupakia asilimia tano tangu mwanzo, kisha shehena ihamapo njiani huomba asilimia tano nyingine.

Majirani zetu wa Tanzania waliliona jambo hili wazi. Mwezi wa Oktoba 2013 John Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati ule, aliufuta msamaha wa asilimia tano. Wenye malori wakasimamisha magari yao, foleni zikawa ndefu, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaamuru msamaha urudishwe. Simlaumu mmoja wala kumsifu mwingine. Natazama kitu kimoja tu: nyongeza iliyowekwa kwa ajili ya ajali ya kupima ilipiganiwa kama mshahara. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ikiwa tano ilipiganiwa hivyo, kumi itapiganiwaje siku itakapobidi kuiondoa?

Na kuhusu rushwa, nauliza swali ambalo kila mwanafunzi atalifahamu. Kama msimamizi wa mtihani auza majibu, je, dawa yake ni kushusha alama za kufaulu? Hapana. Dawa ni kumwondoa msimamizi, na alama zibaki pale pale. Vivyo hivyo mizani iliyopindishwa na mkono wa mtu hunyoshwa kwa kuushika mkono ule. Kuongeza kikomo kwa sababu watu wamevunja kikomo ni kumlipa mwizi kwa ustadi wake. Tena haitafaa kitu, kwa sababu mtu aliyezoea kuzidisha tani mbili juu ya 48 atazidisha tani mbili juu ya 56, na tani mbili juu ya 60, mpaka hapo barabara itakapomwambia basi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nina chuki na wachukuzi. Dereva wa lori ni mtu wa taabu. Hulala chini ya trela yake akingojea foleni, utingo wake kando yake, na jiko dogo la kupikia ugali. Lori likikutwa na hatia ni yeye ashushwaye, ni yeye ahojiwaye, na huenda akalala rumande kwa mzigo ambao hakuupakia wala hautampa faida hata senti kumi. Aliyeupakia yuko mezani mwake, na chai yake haijapoa. Kwa hiyo ukali niuombao si ukali juu ya dereva. Haki yataka mkono wa sheria uende mpaka kwa mwenye gari na mwenye mali, na mpaka penye ghala la kupakilia, ili mzigo upimwe pale utokapo. Lori lililopimwa vema langoni halina sababu ya kuogopa mizani ya Mlolongo.

Mtu ataniuliza: umekataa yote, basi watupa nini? Shehena zaongezeka kila mwaka, na nchi haiwezi kusimama. Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko macho yetu yote yanapoweza kuliona. Mizigo mizito ya safari ndefu ina njia yake, nayo ni reli. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, kwa sababu watu wa wakati ule walijua kwamba mizigo mizito haipandishwi bara kwa mabega na punda. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na ikasogezwa mpaka Suswa mwaka 2019. Gari moshi moja laweza kuchukua makontena ambayo yangehitaji malori mengi, na chuma chake hakitobolewi mashimo na mvua ya masika. Kama nauli ya reli ni ghali, na ishushwe. Kama kupakua na kupakia upya kwachelewesha, na kuharakishwe. Fedha ambazo zingekwenda kuziba mashimo ya kila mwaka zingefanya kazi njema zaidi hapo.

Tena gharama ya safari si uzito peke yake. Lori lingojalo siku mbili mpakani kwa karatasi moja lapoteza zaidi ya lile liliachalo gunia kumi nyuma. Mwenye lori mwenye kutaka nafuu ya kweli na apige kelele juu ya foleni na karatasi, nami nitapiga kelele pamoja naye. Akipenda kubeba zaidi kihalali, na anunue gari lenye ekseli saba, kwa maana mlango huo u wazi tangu sheria ya mwaka 2013, na Kenya kwa sheria hiyo ilimwongezea tani nane juu ya zile 48 za zamani. Mtu aliyepewa tani nane jana, asije leo kusema kwamba hakupewa kitu.

Sasa ninyi msomao kurasa hizi mko darasani, na huenda mkadhani kwamba habari ya ekseli na tani ni ya watu wazima. Si hivyo. Barabara ijengwayo leo kwa mkopo italipwa na ninyi, na mkopo hauulizi kama barabara ingali hai. Ikifa kabla ya siku zake mtalipa deni la kaburi, kisha mtakopa tena kujenga nyingine. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi; baadhi mtaketi penye mizani usiku wa manane, na mkono utaletwa dirishani ukiwa na noti iliyokunjwa; baadhi mtamiliki malori; na baadhi mtaketi katika Bunge, mkiombwa kwa maneno matamu kuongeza tani chache tu. Siku hiyo ombeni kalamu na karatasi. Zidisheni uzito kwa wenyewe mara nne, kisha mwulize mwombaji ni nani atakayelipa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kikomo cha uzito ni udongo wa kuzibia ufa, na kiasi chake ni kidogo kuliko matofali. Basi kikomo na kibaki pale kilipo, mizani na iwe ya kweli kwa mkubwa na mdogo, na kila mtu auchukue mzigo wake mwenyewe.